Gilotini, randa au mkasi wa kadibodi: mjalidi wa mkono aanze na ipi?

Swali: Najalidi daftari na vitabu vya kushona kwa mkono, vichache kwa wakati mmoja, na mara nyingine naletewa vitabu vikuukuu nivitengeneze. Kingo zote nazikata kwa kisu na rula ya chuma, na hazinyooki. Sasa nimepata mtu anayeuza gilotini ya chuma ya zamani, ile ya kuvuta kwa mpini. Mwenzangu mmoja anasema niachane nayo, nitafute jiliwa na randa ya kukatia kingo. Mwingine anasema kitu cha kwanza kwa mjalidi ni mkasi mkubwa wa kadibodi. Ninunue ipi? Na nikiichukua gilotini, nifanyeje karatasi za juu na za chini zitoke sawa? Niliwahi kujaribu ya mtu, za juu zikatoka fupi.

Jibu: Kwa kazi uliyoieleza, anza na jiliwa, yaani mbao mbili za kubania kitabu, na randa, kifaa kinachotelezesha kisu juu yake. Gilotini inaweza kufuata, hata mapema ukipenda, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza chini. Mkasi wa kadibodi, ile mashine ya mezani ya visu viwili, uache uwe wa mwisho, ingawa ukishaupata huenda ukaupenda kuliko vyote viwili.

Nianze na kingo zako zisizonyooka, kwa sababu ndizo zinazoeleza mashine hizi zipo kwa nini. Tatizo si mkono wako. Rula inabana karatasi kwa nguvu ya vidole vyako tu, na inabana zaidi pale vidole vilipo kuliko kwingine. Kisu kikipita, karatasi za juu zinasukumwa kidogo, za katikati zinafuata, za chini zinabaki. Mpito wa pili wa kisu hauingii kwenye njia ya ule wa kwanza. Ukifika karatasi ya mwisho, kisu kimeshahama au kimelala upande. Bunda la kurasa lililobanwa sawasawa ni kama gogo la mti: unakata kitu kimoja. Lisipobanwa, unakata karatasi mia moja, na kila moja inateleza kivyake. Mashine zote tatu ulizozitaja kazi yake ya kwanza ni kubana, kukata kunafuata baadaye. Zinatofautiana katika kinachobanwa, kwa nguvu kiasi gani, na kisu kinapita njia gani. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya maswali ya kukata utaijibu mwenyewe.

Randa ndiyo ya zamani zaidi. Mchoro wa Jost Amman wa mwaka 1568, unaoonyesha karakana ya mjalidi nchini Ujerumani, unamwonyesha mtu mmoja akishona vitabu na mwingine akikata kingo kwa jiliwa na randa. Anayeikuta randa hiyo leo mezani kwa mjalidi ataitambua papo hapo, maana umbo lake halijabadilika sana. Jiliwa ni mbao mbili nene zilizounganishwa kwa skrubu mbili kubwa, na hulazwa ili bunda lisimame katikati ya mbao hizo, ukingo unaokatwa ukiangalia juu. Randa yenyewe nayo ni vipande viwili vya mbao vinavyokabiliana, vimeunganishwa kwa skrubu moja na vijiti viwili vya kuviongoza. Kipande kimoja kinatembea kwenye reli iliyopigiliwa juu ya jiliwa. Cha pili, chini yake, kimebeba kisu kilicholala bapa, chenye ncha kama ya mkuki. Unaisukuma randa mbele, inakata, unairudisha nyuma bila kukata, unazungusha skrubu kidogo, kisu kinasogea ndani zaidi, unasukuma tena. Kila mpito unachukua karatasi chache tu.

Uchache huo ndio siri yake. Kisu hakilazimiki kupasua unene wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nguvu inayozisukuma karatasi ni ndogo sana, na jiliwa linabana hadi mstari wenyewe wa kukatia. Ukingo unaotoka ni laini kiasi kwamba unaweza kuupaka rangi, kuusugua au kuutia dhahabu bila matengenezo mengi. Gilotini nzuri inafika karibu na hapo, lakini randa iliyonolewa inafika kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo randa inalifanya na gilotini hailifanyi, nalo ni muhimu kwako unayeshona. Kitabu cha kushona cha mtindo wa zamani huviringishwa mgongo, na ukingo wa mbele unaingia ndani kama mfereji wa duara. Mjalidi anayetumia randa anaweza kufunga mbao za jalada, yaani kadibodi ngumu za juu na chini, kwenye bunda kwanza, kisha akakata ukingo huo baadaye. Anaunyoosha mgongo kwa muda, anatia vipande vya chuma vyenye umbo la uma kati ya mgongo na jalada ili usirudi, anakata ukingo wa mbele ukiwa bapa, halafu anavitoa. Mgongo unarudi kwenye duara lake, na ukingo uliokatwa bapa unajikunja wenyewe kuwa mfereji uliosafishwa vizuri. Kwa gilotini, njia ni kukata ukingo wa mbele kabla ya kuviringisha mgongo. Inafaa, lakini kila jambo unalolifanya baada ya kukata, kuviringisha, kugonga mabega ya mgongo (yale matuta ya pembeni yanayopokea mbao za jalada), kutia mbao, linaweza kuuhamisha ukingo tena.

Sababu ya mwisho ya kukushauri uanze hapa ni jiliwa lenyewe. Hata siku usiyokata chochote utalitumia: kugonga mabega, kupaka gundi mgongoni, kusugua kingo kwa msasa, kushona vitambaa vya kichwa, vile vya kwenye ncha za mgongo. Gilotini inakata tu. Na randa na jiliwa fundi seremala makini anaweza kukutengenezea kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri, alimradi skrubu zake ziwe sahihi na reli iwe imenyooka.

Unapokata kwa randa, weka nyuma ya bunda kipande cha kadibodi ya kutupwa, ili kisu kikimaliza karatasi ya mwisho kiingie kwenye kadibodi hiyo badala ya kuichana. Ukingo wa juu na wa chini uanze kukatwa kutokea mgongoni. Kisu kikiingia mgongoni, kinazisukuma karatasi kuelekea ndani ya bunda. Kikitokea mgongoni, hakuna kinachozishikilia, na mikunjo inachanika pale pale penye uzi. Geuza skrubu kidogo kidogo. Anayeanza huwa na haraka ya kuizungusha nusu mzunguko kwa mpito mmoja, na randa inamjibu kwa kuchana.

Sasa gilotini. Guillaume Massiquot aliipatia hataza nchini Ufaransa mwaka 1844, na ndani ya miaka michache viwanda vikaanza kuitengeneza kwa wingi. Kiwanda cha Karl Krause cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1855, ni miongoni mwa vile ambavyo mashine zake bado zinafanya kazi katika karakana nyingi. Sehemu zake ni chache: meza bapa, egemeo la nyuma ambalo karatasi huegemezwa, kibanio kinachoshushwa kwa gurudumu la mkono, kisu kirefu kizito, mpini, na ufito wa mbao au plastiki uliozama mezani chini ya kisu ili makali yasigonge chuma. Kwenye mashine zilizotengenezwa vizuri kisu hakishuki wima. Kinashuka huku kikienda pembeni, hivyo kinakata kwa kuvuta, jinsi unavyovuta kisu unapokata mkate, badala ya kukandamiza. Gilotini ambayo kisu chake kinashuka wima tu itakulazimu kutumia nguvu nyingi zaidi.

Nadhani sasa unaona kwa nini karatasi za juu zilitoka fupi. Kisu cha gilotini kimenolewa upande mmoja. Upande bapa unaangalia kibanio, upande wenye mteremko unaangalia kipande kinachotupwa. Kikiingia, mteremko unaisukuma ile taka nje. Kisu kikiwa butu, au kibanio kikiwa hafifu, kabla karatasi haijakatika huvutwa nje pamoja na taka, inateleza chini ya kibanio na kuacha egemeo la nyuma. Ikikatwa ikiwa katika hali hiyo, inakuwa fupi kwa kiasi ilichoteleza. Za juu ndizo zinazopokea kisu kwanza na ndizo zenye mtelezo mkubwa, kwa hiyo ndizo zinazofupika. Dawa yake ni mbili tu, na mara nyingi zote mbili pamoja: kaza kibanio zaidi, na unoe kisu. Kupunguza unene wa bunda kutakusaidia kwa siku hiyo, lakini hakuponyi chanzo.

Ukikuta kinyume chake, yaani za chini ndizo fupi, basi tazama kisu kinavyoshuka. Mara nyingi njia zake, yaani reli zinazokiongoza kikishuka, zimelika, zimelegea, na kisu kinapinda kuelekea upande wa kibanio kadiri kinavyozama. Njia hizo huwa na skrubu za kurekebishia pembeni. Kaza kidogo, ujaribu, ukaze tena. Ukikaza kupita kiasi mpini utakuwa mzito na utaumaliza mwili wako bure.

Kitabu cha kushona kina shida yake ambayo bunda la karatasi tupu halina. Uzi unaongeza unene mgongoni, hivyo mgongo ni mnene kuliko ukingo wa mbele. Kibanio kinashuka, kinakutana na mgongo, kinasimama hapo. Huko mbele karatasi zinabaki huru, na huko huko ndiko zitakakoteleza. Kata vipande vya kadibodi nyembamba uviweke juu ya bunda upande wa ukingo wa mbele mpaka uso wote uwe sawa, kisha ndipo ubane. Vikate viwe vifupi kidogo ili visiingie chini ya kisu. Jambo hili ni dogo, na ndilo linalotenganisha ukingo wa kitabu kizuri na ukingo wenye ngazi. Kuhusu mgongo, fanya kama kwenye randa: uwe upande ambao kisu kinaufikia kwanza. Gilotini yenye kisu cha kushuka pembeni ina upande wake wa kuanza. Kishushe polepole bila karatasi uutambue.

Pima skwea, yaani kama pembe zinatoka mraba, kabla ya kuiamini mashine yoyote. Chukua karatasi mbili ambazo ukingo mmoja wa pembeni umenyooka na uko mraba kwa egemeo, zikate pamoja, kisha geuza mojawapo uso chini na uiweke juu ya nyingine. Kosa la pembe, kama lipo, litaonekana mara mbili ya ukubwa wake, na jicho litaliona mara moja. Kisha rekebisha skrubu za egemeo la nyuma, ujaribu upya.

Tuje kwenye hiyo gilotini unayouziwa. Usiinunue kwa kuitazama tu. Nenda na karatasi zako za kujaribia, karatasi za kawaida za kuandikia, za kutosha kujaza unene ambao wewe hukata. Kabla ya hilo, kagua mwili. Mashine hizi zimesubiwa kwa chuma kigumu ambacho hakipindi, kinapozidiwa hupasuka. Pitisha kidole na taa kwenye mabega ya fremu, mahali mpini unapounganishwa, na chini ya meza. Ufa ulioungwa kwa kuchomelewa nauhesabu ni sababu ya kuondoka, kwa sababu huwezi kujua umeshika kiasi gani, na nguvu ya mpini wote inapita hapo.

Halafu tazama kisu kimebaki kiasi gani. Kila kikinolewa kinapungua upana, na hushushwa kwa bolti zake ili makali yafike kwenye ufito. Kikiwa kimeshushwa mpaka mwisho wa nafasi za bolti, kisu hicho kimemaliza maisha, na itakubidi utafute kingine cha mashine hiyo hiyo au utengenezewe. Uliza kama kipo cha akiba. Mjalidi mwenye kisu kimoja hufunga karakana siku kinapopelekwa kunolewa. Mwenye viwili anaendelea na kazi. Kagua gurudumu la kibanio: lizunguke kwa wepesi mpaka mwisho, na libane sawa kushoto na kulia. Weka kipande cha karatasi kila ncha, bana, ujaribu kuvivuta. Kimoja kikitoka na kingine kikabaki, kibanio kimepinda. Angalia pia kama kuna pini au ndoano ya kuushikilia mpini ukiwa juu. Isipokuwepo, kwangu mashine hiyo haijakamilika mpaka iwekwe.

Ndipo ukate. Sikiliza kisu. Kikali kinatoa sauti moja ya kuteleza mpaka kigonge ufito kwa mlio mfupi mzito. Butu kinanguruma na kusitasita. Tazama uso uliokatwa kwa pembeni dhidi ya mwanga: michirizi ya wima ni mapengo kwenye makali, na kila pengo litaandika mstari wake kwenye kila kitabu utakachokata. Hilo ni jambo la kunoa tu, lisikukatishe tamaa. Karatasi ya mwisho chini kabisa isipokatika, huenda ni ufito tu uliochimbika. Ufito wa mraba una nyuso nne, na ukigeuza ncha zake unapata mistari minane ya kutumia kabla ya kuutupa. Watu wengi hupeleka kisu kunolewa bure wakati ufito ndio uliohitaji kugeuzwa.

Kunoa ni mambo mawili tofauti. Kisu cha gilotini hunolewa kwa mashine maalumu yenye maji ya kupooza, na pembe ya makali yake huwa kati ya digrii 19 na 24: ndogo kwa karatasi laini, kubwa kwa karatasi ngumu. Usimpe fundi anayekisaga kwa jiwe kavu. Ukiona makali yamerudi na rangi ya bluu, chuma kimeungua, ugumu umetoka, na hakitakaa na makali mpaka sehemu hiyo yote isagwe iishe. Kati ya kunoa na kunoa unaweza kupitisha kinoo laini kwa upole kwenye mteremko. Kisu cha randa, kwa upande mwingine, utakinoa mwenyewe, na unapaswa kujifunza mapema. Upande wake wa chini ni bapa na lazima ubaki bapa kabisa, kwa kuwa ndio unaokiongoza. Ukiuinua hata kidogo kwenye kinoo, kisu kitapanda au kitazama kila mpito. Noa mteremko tu, kisha laza upande bapa wote juu ya kinoo kuondoa chuma kilichojikunja kwenye makali, basi.

Kwa vyote viwili, sabuni kavu ya kipande au nta ikisuguliwa kidogo kwenye makali na kwenye ufito hupunguza msuguano na kukurefushia ukali. Usikate kitabu chenye pini au waya ndani, na usikate mgongo ambao gundi yake haijakauka: gundi inang'ang'ania kisu na kuzivuta karatasi zinazofuata. Na tafadhali, kadibodi ya jalada isiingie kwenye gilotini ya karatasi. Itakatika, ndiyo, lakini kipande kimoja cha milimita 3 kinaweza kuharibu ukali uliokusudiwa kukata mabunda mengi.

Hapo ndipo mkasi wa kadibodi unapoingia. Huu ni mashine ya visu viwili: kimoja kimefungwa kwenye ukingo wa meza, cha pili kimepinda kidogo na kipo kwenye mkono mrefu wenye uzito wa kusawazisha nyuma yake, ili mkono usianguke wenyewe. Unabana kwa kikanyagio cha mguu, hivyo mikono yote miwili iko huru kushika kadibodi na mpini. Visu vinakutana mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, kama mkasi wowote, kwa hiyo unakata kipande kimoja cha kadibodi kwa mara moja, si bunda. Uzuri wake ni usahihi wa kurudia: kuna egemeo la nje unaloliweka mara moja, na mbao ishirini za jalada zinatoka kipimo kimoja. Lakini wewe unajalidi vichache kwa wakati. Mbao mbili za kitabu kimoja utazikata kwa kisu kizuri na rula nzito ya chuma, kwa mipito mingi myepesi, kisha usawazishe kwa msasa ukiwa umezibana pamoja kwenye jiliwa. Utachelewa, ila hutakosea. Mkasi wenyewe ni mzito mno, unahitaji sakafu imara na nafasi ya mkono wake kuinuka, na ukiuhamisha lazima uzito wa kusawazisha utolewe kwanza. Ununue siku kadibodi itakapokuwa ndiyo inayokula muda wako.

Usalama nauweka hapa katikati ya mambo ya kazi kwa makusudi, maana ni sehemu ya kazi. Mashine ya mkono haina injini, na watu huidharau kwa sababu hiyo. Lakini kisu chake kikianguka kwa uzito wake mwenyewe hakihitaji injini. Mtu mmoja tu aikaribie wakati wa kukata: anayepanga karatasi ndiye anayeshika mpini. Wawili wakigawana kazi hiyo, siku moja mmoja ataushusha mpini mwenzake mkono ukiwa ndani. Usiingize kidole chini ya kibanio kusawazisha karatasi. Tumia kipande cha mbao. Usiache mpini juu ukaondoka, hata kwa kuitikia mlango. Na unapokitoa kisu kwa ajili ya kunoa, kwanza funga ubao kwenye uso wake kwa bolti, kisha ndipo ulegeze bolti za mashine. Kisu hicho ni kizito kuliko kinavyoonekana, na kikikuponyoka, mwili wa binadamu una tabia ya kutaka kukidaka. Kiache kianguke, na miguu uiondoe.

Kabla ya kukata kitabu chochote, hakikisha nyuzi za karatasi, yaani nyuzinyuzi zilizomo ndani ya karatasi yenyewe, zinakwenda sambamba na mgongo. Karatasi iliyokunjwa kinyume cha nyuzi zake itakatwa vizuri leo na kujikunja kesho hewa ikibadilika, nawe utailaumu mashine.

Limebaki suala la vitabu vikuukuu unavyoletewa, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Usivikate. Ukingo wa kitabu cha zamani ukiwa na ngazi, umechakaa, umebadilika rangi, uache hivyo hivyo. Kwa karne nyingi kila mjalidi aliyekifunga kitabu upya alikipunguza kidogo ili kipendeze, na kila aliyefuata akapunguza tena. Matokeo yake vimebaki vitabu vingi ambavyo maandishi ya pambizoni ya wasomaji wa kwanza yamekatwa nusu, na vingine vichwa vya kurasa vimekwenda kabisa. Kilichokatwa hakirudi, na mwenye kitabu mara nyingi hajui amepoteza nini kwa sababu taka ilishafagiliwa. Safisha ukingo kwa brashi laini, kitabu kikiwa kimebanwa ili vumbi lisiingie ndani, uendelee na kazi ya mgongo na jalada.

Ikitokea kitabu kimeharibika ukingoni kiasi kwamba hakifunguki au hakifungiki, na mwenyewe amekubali kikatwe, usikipeleke kwenye gilotini kabisa, kipeleke kwenye randa, kwa sababu randa unaweza kuisimamisha wakati wowote baada ya kila karatasi chache. Pitia kwanza ukurasa kwa ukurasa. Palipo na maandishi ya mkono au chapa inayokaribia ukingo, kunja pambizo hiyo ndani ili randa isiifikie, kama wajalidi waangalifu wa zamani walivyofanya; karatasi hiyo itabaki pana kuliko wenzake, imekunjwa, na atakayekifungua kitabu atayakuta maandishi yote mahali pake.